Mizani ya Njaa na Uzazi: Funzo la Mabwawa ya Guangzhou



Nimekusudia jioni hii kusema juu ya kiungo kidogo mno, ambacho katika ubongo wa mtu mzima hakizidi takriban gramu 4, nacho kimekaa sehemu ya chini ya ubongo, juu kidogo ya tezi ya pituitari. Na pamoja na udogo wake huo, ndicho kinachopima njaa na shibe yetu, na ndicho hicho hicho kinachotoa au kuzuia idhini ya uzazi. Kiungo hicho ni haipothalamasi. Nitaanza kukidhihirisha si kwa mwanadamu, bali kwa samaki wa mabwawa ya Guangzhou, kusini mwa China, ambako elimu yake imegeuka kuwa kitoweo cha watu.

Tangu karne nyingi wakulima wa bonde la Mto Zhujiang hufuga samaki aina ya karpi. Lakini wengi wa samaki hao, hata wakinenepeshwa vipi, walikataa kutaga bwawani. Jike aliyapevusha mayai yake mpaka karibu ya ukomo, kisha akasimama hapo, maadamu hakuyaona mafuriko wala mkondo wa mto; na kwa sababu hiyo wafugaji walilazimika kila mwaka kukinga nyavu katika Mto Xi Jiang ili wapate vifaranga. Mwaka 1958, mkoani Guangdong, Zhong Lin na wenzake walifaulu kuwazalisha karpi hao kwa kuwadunga dawa iliyotokana na tezi za pituitari, huku wakiwapa maji yanayotembea. Hapo ilidhihirika kwamba kasoro haikuwa katika mayai, bali katika amri iliyokosekana kutoka juu.

Je, pituitari nayo huamriwa na nani? Mwingereza Geoffrey Harris alikuwa amekwisha kufundisha kwamba haipothalamasi huipelekea risala za kemikali kwa njia ya vijishipa vya damu; na baada ya kusaga haipothalamasi za nguruwe na kondoo kwa malaki, makundi mawili ya wataalamu nchini Marekani, la Andrew Schally na la Roger Guillemin, yaliibainisha risala ya uzazi mwaka 1971: homoni yenye mnyororo mfupi wa asidi-amino 10 tu. Wawili hao walitunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 1977. Kisha Ernst Knobil akaonyesha kwa nyani kwamba homoni hii haina budi kutoka kwa mapigo, kiasi cha mara moja kila saa. Ikimiminwa mfululizo bila kituo, pituitari huacha kuitika, na uzazi husita.

Sasa turejee Guangzhou. Katika Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, Profesa Lin Haoran, akishirikiana na Richard Peter wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, alishika jambo ambalo wengi walikuwa hawajalipa uzito wake: kwamba ubongo wa samaki hauchochei tu, bali pia huzuia, na kizuizi chenyewe ni dopamini. Kuongeza kichocheo ilhali kizuizi kimekazwa ni kazi ya nusu. Ndipo katika miaka ya 1980 wakaunganisha homoni ya kuchochea iliyotengenezwa maabarani na domperidoni, dawa ambayo kwa binadamu hutumika kuzuia kutapika, nayo kwa samaki huuondoa mkono wa dopamini. Njia hiyo huitwa Linpe, kwa majina yao wawili. Mzalishaji humshika jike aliyejaa mayai, akampima uzito, akamchoma sindano kwenye shina la pezi la kifuani. Mikrogramu 10 hivi za homoni kwa kila kilo ya samaki zatosha, pamoja na miligramu 5 za domperidoni. Kisha humwachia katika birika la duara ambamo maji huzunguka, na baada ya saa kadhaa, kwa kadiri ya joto la maji, mayai hutoka.

Lakini liko sharti moja ambalo nataka lisisahaulike: sindano huharakisha idhini, haizai mayai. Jike mwenye njaa hana mayai ya kutagwa, na hapana dawa itakayoghushi hesabu hiyo. Kwani haipothalamasi, kama mzee wa mji asiyekubali arusi itangazwe kabla hajaitazama ghala, haikubali uzazi kabla ya kupima akiba ya mwili. Kwa mwanadamu na wanyama wenziwe wanyonyeshao twaijua namna ya upimaji huo. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake waligundua homoni ya leptini, ambayo mafuta ya mwili huitoa katika damu kuuarifu ubongo habari ya akiba. Katika haipothalamasi iko jamii ya seli zinazoamsha uchu wa kula, na jamii nyingine zinazoutuliza, na leptini huzisemesha zote mbili. Panya waliozaliwa bila leptini hula bila kikomo, wakanenepa kupita kiasi, na juu ya unene huo wote ni tasa. Mwaka 1996 Farid Chehab na wenzake waliwapa leptini, na wale majike wakazaa. Ubongo usiopata habari ya chakula hujihesabu una njaa, hata mwili ukiwa umezama katika mafuta.

Habari hiyo haiendi moja kwa moja kwenye seli za homoni ya uzazi; hupita kwa wajumbe, na miongoni mwao ni kispeptini, ambayo mwaka 2003 ilidhihirika kwamba watu ambao kipokezi chake kina hitilafu hawabaleghi. Na hivi ndivyo msichana akimbiaye mbio ndefu kila siku, naye hali vya kutosha, hedhi yake hukatika ingawa ovari zake ni nzima. Asiambiwe kwamba ana ila katika tumbo lake. Aulizwe kwanza anakula nini.

Mizani hii huweza hata kuinama upande wa pili. Sato, samaki wa asili ya Afrika ambaye leo hufugwa kwa wingi mkoani Guangdong, hutia mayai yake kinywani akayaatamia humo siku kumi na zaidi. Na muda wote huo mama hali, au hali ila kidogo sana, kwa kuwa uchu wa kula umefungwa kwa ajili ya kizazi.

Na sisi Afrika ya Mashariki tunao kambare, ambaye hukomaa bwawani lakini hatagi kwa hiari yake. Wazalishaji wetu humdunga jike kwa maji ya pituitari zilizosagwa, au kwa dawa iliyoundwa kwa kanuni ile ile ya Guangzhou. Nao aghalabu humchinja dume, kwa kuwa mbegu zake hazikamuliki. Kazi hii tunayo katika vituo vyetu, kama Kingolwira, Sagana na Kajjansi. Basi rai yangu kwa vyuo vyetu ni kwamba mzalishaji asifundishwe kipimo cha sindano peke yake, kama mtu anayehifadhi hirizi. Afundishwe pia sababu yake, ili jike wake asipotaga, kabla ya kuilaumu dawa au kuongeza kipimo, akague chakula alichompa katika miezi iliyotangulia. Na daktari afundishwe hivyo hivyo juu ya mgonjwa wake, maana elimu ya uzazi isiyouliza habari ya chakula imeacha nusu ya ushahidi nje ya baraza.