Dinari Mbili za Msamaria

 

Sisi wakaaji wa Eastlands tuna jambo moja ambalo Wakristo wengi duniani hawana. Ule mfano wa Msamaria Mwema, katika Injili ya Luka sura ya 10, tunaweza kuutembelea kwa miguu. Mitaa yetu ilipopewa majina, mmoja uliitwa Jerusalem na jirani yake ukaitwa Jericho. Kule alikotembea Bwana Yesu, barabara ile ni ya kilometa 27 hivi, nayo huteremka zaidi ya mita 1,000 kati ya miamba. Kwetu ni mwendo mfupi tu. Mtoto aliyetumwa chumvi huenda na kurudi kabla sufuria haijachemka. Lakini watu waliolala kando ya njia tunao.

Mnawajua. Kuna yule anayezungumza peke yake kituoni. Kuna yule kijana anayevaa makoti matatu katika jua la saa sita. Kuna yule mama aliyebeba magunia yake kutoka Shauri Moyo hadi Maringo na kurudi, kila siku, hata hakuna anayemgeukia tena. Tumezoea kuwaita wenda wazimu. Mimi nami nimewaita hivyo, na nimevuka barabara nisikutane nao, tena nikiwa na Biblia kwapani.

Kanisa letu lina ukuta wa mawe, na nje ya ukuta huo alilala mtu mmoja kwa muda wa karibu miaka mitatu. Kila Jumapili akina mama walimpelekea chai na mkate. Krismasi tulimpa blanketi. Tukajiona tumeifanya kazi ya Msamaria. Basi katika miaka hiyo yote hapakuwa na hata mmoja wetu aliyemwuliza alikotoka.

Tulimjua kwa ajili ya benchi. Benchi moja la kanisa lilivunjika mguu, na vijana wakalitoa nje kulitengeneza, wakawa wanahangaika nalo asubuhi nzima. Yule mtu akainuka, akautwaa msumeno mkononi mwa kijana mmoja, akakata mguu mpya, akaupigilia, akaurudisha msumeno kwa heshima, akarudi ukutani kwake. Hakusema neno. Benchi hilo lipo hadi leo, nami hulikalia.

Ndipo tukamwuliza. Alikuwa seremala, mwenye kibanda chake upande wa Gikomba. Ugonjwa ulimpata akiwa kijana. Akasikia sauti za watu wasioonekana, akaacha kazi, akaokotwa njiani na kupelekwa Mathari. Huko alitibiwa akapata nafuu, akaruhusiwa. Akarudi akakuta chumba chake kina mtu mwingine, na vyombo vyake vya kazi vimeuzwa kulipia kodi. Akalala nje, akaugua tena, akapelekwa tena, akapata nafuu tena, akarudi tena kwenye mlango usio wake. Safari ya tatu hakuna aliyempeleka.

Hospitali hiyo ya Mathari, kando ya Thika Road, ilianza mwaka 1910 mahali palipokuwa pa kuwatenga wagonjwa wa ndui, na jina la Mathari ikapewa mwaka 1924. Nadhani mwanzo huo ulituzoeza vibaya. Tulidhani mgonjwa wa akili ni wa kutengwa, na akishapelekwa kule, shauri limekwisha. Wamekuwako humo watu waliopona, wakaambiwa waende, lakini hakuna aliyekuja kuwachukua. Kwa hayo sidhani ni haki kuwalaumu madaktari. Daktari aweza kuandika dawa, lakini nyumba hawezi kuiandika.

Tukampeleka seremala kliniki. Akapewa vidonge vya usiku na sindano ya kila mwezi. Tukafurahi, tukamshukuru Mungu, tukamrudisha pale pale ukutani. Baada ya majuma machache tukaona amerudia hali yake, na vidonge vimo mfukoni vile vile havijafunguliwa. Nakumbuka nilisema kwa sauti, mbele ya watu, ya kwamba mtu huyu hataki kusaidiwa.

Mama mmoja wa kanisa letu, anayefua nguo za watu huko Buruburu, alikuwa amesimama karibu. Akaniambia, "Mzee, samahani. Dawa ile inaleta usingizi mzito. Mtu anayelala nje akishikwa na usingizi mzito, ataamka hana viatu. Au hataamka. Sasa wewe unamtaka achague nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda nyumbani nikaisoma upya Luka 10, na naungama kwamba nilikuwa sijapata kuisoma hadi mwisho. Mahubiri mengi niliyoyasikia, na machache niliyoyatoa mwenyewe, huishia kwenye mafuta na divai. Lakini Msamaria hakuishia hapo. Alimpandisha mtu yule juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akamwuguza usiku ule. Kulipokucha akatoa dinari mbili, ambazo ni ujira wa kibarua wa siku mbili, akampa mwenye nyumba. Kisha akaahidi kwamba atapita tena, na gharama yo yote iliyozidi ataimaliza yeye. Yaani alilipa kodi, na tena akajifunga kurudi.

Wako waliolifahamu jambo hili kabla yetu. Mwaka 1954, huko Aro karibu na mji wa Abeokuta, Nigeria, Daktari Thomas Adeoye Lambo alianza kuwapangia wagonjwa wake vyumba katika nyumba za wanavijiji wa karibu na hospitali, kila mmoja akiwa na ndugu yake wa kumpikia. Mchana walitibiwa, na jioni walirudi kijijini kati ya watu na kuku na watoto, kama binadamu wengine. Mjini New York tangu mwaka 1992, mtaalamu Sam Tsemberis na wenzake waliwapa chumba kwanza watu wa namna hii waliokuwa wakilala barabarani, bila kungojea wapone, ndipo wauguzi wakawafuata humo chumbani. Wakanada walilipima jambo hilo katika miji mitano, kuanzia 2009 hadi 2013, kwa watu wapatao 2,000. Waliopewa nyumba kwanza walikaa ndani ya nyumba kwa muda mrefu kuliko wale walioachiwa msaada wa kawaida. Najua sisi si Kanada. Lakini usingizi ni usingizi kila mahali.

Basi tukaanza kutafuta chumba. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoona jinsi mji huu ulivyo. Mwenye ploti wa kwanza alikubali, akamwona mpangaji, akasema chumba kimekwisha chukuliwa. Wa pili alisema mtu kama huyo atachoma nyumba. Wa tatu, mama mzee upande wa Kayole, alituuliza swali moja tu: "Akipiga kelele saa nane za usiku, nimpigie nani simu?" Tukatazamana. Yule mama wa kufua akatoa namba yake. Kodi ilikuwa shilingi 3,500, na nyingine kama hiyo ya kuwekwa. Tukachanga, tukanunua godoro, jiko, sufuria moja na kufuli. Ile kufuli aliishika mkononi kwa muda mrefu sana, akiifungua na kuifunga.

Ndugu yake wa tumbo moja tulimpata kwa simu. Alikuja, akalia, akaacha shilingi 1,000, akaenda zake. Simhukumu. Alikuwa amemtafuta miaka mingi, na ng'ombe wawili walikwisha uzwa kwa ajili ya matibabu.

Ningependa kuwaambia kwamba tangu siku hiyo mambo yakawa mazuri. Hayakuwa. Juma la tatu aliondoka chumbani, akauza godoro, na Jumapili tukamkuta ukutani. Kikao cha wazee kikakaa. Mweka hazina alisema, na kwa haki, kwamba kuna wajane katika kanisa hili wasioomba kitu, na pesa za sadaka si za kutupwa. Tukapiga kura tuache. Mimi niliinua mkono pamoja na walio wengi.

Yule mama wa kufua hana kiti katika kikao cha wazee. Jioni ile alikwenda ukutani peke yake, akaketi chini karibu naye, akamwuliza kwa nini alitoka. Akajibu kwamba chumba kilikuwa kimya mno. Akiwa nje, sauti zile humezwa na magari. Ndani alibaki nazo peke yake. Na hakuna mtu aliyebisha hodi tangu siku ile tuliyomwachia funguo.

Hakuna aliyebisha hodi! Sisi tulilipa dinari mbili, ndugu zangu, na ahadi ya kurudi tukaisahau.

Tukakutana tena, na safari hii kura ilikwenda vingine, ingawa si kwa wote. Akarudishwa chumbani kwa yule mama mzee wa Kayole, ambaye hakutudai hata siku zile zilizokaa bure. Tukapanga zamu: Jumatatu mmoja, Alhamisi mwingine, na siku ya sindano mtu wa kumsindikiza kliniki na kungoja naye foleni. Mgeni hapeleki mahubiri. Anapeleka unga, au haendi na kitu, anaketi nusu saa. Fundi mmoja wa Gikomba alimpa msumeno wa zamani na nyundo.

Sasa ni mwaka wa pili. Hajapona kama tunavyopenda kusema kanisani. Bado huzungumza peke yake jioni, na majirani wamezoea. Mtoto wa mlango wa pili humjibu. Mwezi mmoja sindano ilimpita, tukaona dalili, tukamkimbiza kliniki kabla hajapotea. Hutengeneza stuli na kulipa nusu ya kodi, na nusu tunamalizia sisi. Mweka hazina huiandika katika daftari chini ya jina la matengenezo. Nimemwuliza kwa nini, akasema ni kweli, ni matengenezo.

Labda wewe unayesikiliza una mtu kama huyo karibu na kanisa lako. Au ni wa nyumbani kwako mwenyewe, na umechoka, na unaona haya. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya afya na ya makao yanayofaa, na tuna ruhusa ya kuwakumbusha wenye mamlaka neno hilo. Lakini yule mama mzee wa Kayole hakuuliza habari za katiba. Aliuliza nimpigie nani simu. Kila kanisa lenye wazee kumi na wawili na simu kumi na mbili laweza kumjibu. Na wewe uliye na vyumba vya kupangisha, usimkatae mtu kwa sura yake. Mwulize aliyemleta kama atarudi.

Tuombe.

Bwana, mkumbuke seremala wetu usiku huu, umpe usingizi mwema nyuma ya mlango wake. Mkumbuke mama mzee mwenye ploti, na mtoto wa mlango wa pili. Wakumbuke wanaolala nje kutoka Jerusalem hadi Jericho, ambao hatujawauliza majina yao. Nami, Bwana, Alhamisi hii zamu ni yangu. Mvua isinipe sababu ya kubaki nyumbani. Amina.