Nyuzi Ndani ya Lami: Barabara Hudumu kwa Mshikamano



Shimo la barabarani halianzi likiwa shimo. Huanza kwa ufa mwembamba. Mvua hunyesha, maji hupenya, na gurudumu linapopita huyasukuma kwa nguvu kati ya lami na kokoto. Lami huachana na kokoto, kokoto hung'oka moja baada ya moja, na masika yakiisha gari la wagonjwa hulazimika kupita pembeni.

Ili kuuchelewesha ufa huo, wahandisi wa nchi mbalimbali huchanganya nyuzi katika lami. Jambo hili si geni kwa fundi wa nyumba za udongo: nyasi zilizokatwa huushika udongo usipasuke unapokauka. Nchini Ujerumani, nyuzi za selulosi hutumika katika lami yenye kokoto nyingi kubwa. Takribani kilo 3 katika kila tani ya mchanganyiko huizuia lami ya moto isichuruzike. Nyuzi nyingine, kama za kioo, hushika pande mbili za ufa na kupunguza kasi ya kupanuka kwake.

Hata hivyo, uzi usioshikana na lami hauna kazi. Nyuzi zikiingia na unyevu, au zikikusanyika mafundo, sehemu hiyo huwa dhaifu.

Mshikamano wa pili ni wa tabaka na tabaka. Kabla ya lami mpya kuwekwa juu ya ile ya zamani, vumbi hufagiwa, kisha hunyunyiziwa lami nyepesi iliyochanganywa na maji. Mwanzoni huwa ya kahawia. Maji yakiisha kutoka, hugeuka nyeusi. Hapo ndipo tabaka jipya huwekwa. Likiwekwa juu ya vumbi, huteleza pale magari yanapofunga breki, na hupasuka kwa mipasuko iliyopinda kama mwezi mwandamo. Nyuzi haziponyi kosa hilo.

Hapa ndipo ilipo nafasi ya mwananchi. Anayeona lami ikimwagwa juu ya vumbi au madimbwi atoe taarifa kwa mtendaji wa kata au kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) kazi ikiwa bado inaendelea, kwa maana kasoro ikishafunikwa haionekani tena. Vilevile, dizeli inayomwagika huyeyusha lami, taka za mtaroni hurudisha maji barabarani, na mfereji wa bomba unaochimbwa bila kibali huyafungulia maji mlango.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa barabara huzibwa kwa gharama ndogo. Barabara iliyong'oka hujengwa upya kwa fedha ambazo zingejenga nyingine.