Kuku mbele, jembe nyuma

Maneno ya muhusika wa mashamba mbele ya memba na wafadhili



Sisi tuliorudi Fizi kutoka Lugufu na Nyarugusu tulikuta mashamba yamekuwa pori. Mwenye nguvu analima. Mama mujane anachoma, na moto ukivuka mupaka kesi inafika kwa shefu. Ndiyo maana leo ninaleta neno la kuku.

Kazi iko hivi. Munafyeka kwanza, kwani kuku hawezi majani marefu. Halafu kibanda cha mianzi na nyavu, bila chini, metre mbili kwa tatu, watu wawili waweze kukibeba. Kuku kumi wanaingia na maji yao. Watakwangua, watakula mbegu za majani na wadudu, mavi yanabaki mule mule. Udongo ukibaki mutupu, munasogeza. Usiku wanarudi nyumbani, wezi tunawajua. Tunaanza mwezi wa saba, tunatoka mwanzo wa mwezi wa tisa, ili mavi yapumzike: yakiwa mabichi yanachoma mizizi ya miche. Mvua ikishika, munapanda avoka ao ngazi, na kuku wasikaribie tena mpaka miche ipate nguvu, wataifukua yote.

Ile nyasi kali yenye mizizi mirefu, kuku haiwezi. Pale ni jembe tu. Anayesema kuku atalima shamba zima, huyo hajalima.

Kwenu wafadhili: ugonjwa wa Newcastle unaweza kumaliza kuku wa kijiji kizima. Chanjo ya tone kwenye jicho iko, inarudiliwa kila miezi mitatu ao mine. Mukileta kuku bila chanjo, mumetuletea nyama ya siku moja.

Sasa neno lenye uzito. Kwetu, kupanda muti ni kusema shamba ni langu. Kama kuna mutu analima pale tangu vita na kesi haijaisha, usipande avoka. Mukielewana naye, kuku wapite, mupande maharagi, mugawane. Kibanda kinahama siku moja. Muti ukisimama, utakatwa na panga, na panga haliishii kwenye muti. Kwanza twende kwa shefu pamoja na komite, tuandike karatasi, mashahidi wa pande zote mbili waweke sini.

Wanaotaka kibanda wajiandikishe kwa sekretere mbele ya mwisho wa mwezi wa sita. Wenye karatasi ya shamba waje nayo.