Jino la Akili na Kikombe cha Uji



Leo nataka tuzungumze juu ya jino. Si jino lolote, bali lile gego la mwisho, linaloota mtu akiwa amekwisha kukua, aghalabu baina ya miaka 17 na 25. Wenyewe tunaliita jino la akili.

Shida ya jino hili ni kwamba linafika wakati nafasi zimekwisha. Ni kama abiria anayepanda daladala iliyojaa: ataingia ubavu, atamsukuma mwenzake, au atabaki nusu ndani nusu nje. Likibaki hivyo, ufizi hulifunika, chakula hunasa chini yake na kuoza. Hapo shavu huvimba, taya hukaza, na kumeza mate huwa kazi. Wengi wetu husukutua maji ya chumvi, tukameza vidonge viwili vya dukani, tukasema litapoa. Kweli hupoa, kisha hurudi. Siku uvimbe ukishuka chini ya ulimi na shingoni, huweza kuziba njia ya pumzi. Jino huua, ndugu zangu.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alisumbuliwa hivyo miezi mingi. Picha ya eksirei ikaonyesha gego limelala ubavu ndani ya taya. Magego mengi hung'olewa kwa sindano ya ganzi tu, mgonjwa yu macho. La kijana huyu lilihitaji kupasua ufizi na kuchonga mfupa, na daktari akaamua apewe nusukaputi. Akaagizwa asile wala kunywa kitu tangu usiku.

Asubuhi mama yake akamwonea huruma. "Mwanangu, utapasuliwaje na tumbo tupu?" Akampa kikombe cha uji. Hospitali, muuguzi alipomuuliza kama amekula, kijana akajibu, "Sijala." Na kweli hakula, alikunywa! Bahati njema, shangazi aliyemsindikiza akasema ukweli mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Kazi ikaahirishwa. Kijana akanuna, na mama akalalamika mtaa mzima kwamba madaktari wana maringo.

Hayakuwa maringo. Nusukaputi si usingizi wa kitandani. Mtu aliyelala usingizi wa kawaida akipaliwa, hushtuka na kukohoa. Aliyepewa nusukaputi hawezi. Uji ukipanda kutoka tumboni huingia mapafuni, na kikombe cha huruma kikawa cha msiba. Ndiyo maana kwa kawaida chakula huachwa angalau saa 6 kabla ya upasuaji, na maji matupu saa 2. Lakini agizo la daktari wako ndilo la kufuata.

Wala tusiiogope dawa hii kupita kiasi. Miongoni mwa walioitangulia ni madaktari wa meno. Mwaka 1844, mjini Hartford, Marekani, Horace Wells alivuta hewa ya naitrasi oksidi, akang'olewa jino lake mwenyewe. Mwaka 1846, William Morton akaonyesha kazi ya mvuke wa etha mjini Boston, mbele ya madaktari. Kabla ya hapo, mgonjwa alishikwa na watu wenye nguvu, akapasuliwa huku akipiga kelele.

Simwambii kila mtu akimbilie kung'oa. Nchini Uingereza, mwongozo uliotolewa mwaka 2000 uliwataka madaktari wasiyang'oe magego haya kama hayana ugonjwa. Lakini linalovimba mara kwa mara lipelekwe kwa daktari mapema.

Yule kijana alirudi wiki iliyofuata, safari hii tumbo tupu kweli. Alipozinduka, shangazi alimsindikiza nyumbani. Siku ile hakusukutua wala kuvuta sigara, ili donge la damu lisitoke katika tundu la jino. Jioni mama akamletea uji wa vuguvugu, akanywa taratibu. Uji ule ule, mkono ule ule. Tofauti ilikuwa saa tu.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Ukiulizwa hospitali umekula nini, unameza dawa gani, kama una pumu, sema yote. Na wewe mzazi, siku hiyo onyesha mapenzi yako kwa kukiacha kikombe kabatini.