Feni ya maji na foleni ya mjigo

Jumamosi iliyopita simu iliita nikiwa bado nanawa uso. Ni kijana wa jirani, hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka tunatenganishwa na ukuta wa tofali moja tu. Alipanda minibasi ya alfajiri, akapita Lumbadzi, na sasa amesimama Lilongwe sokoni mbele ya kibanda cha vifaa vya umeme. "Yaya," ananiambia, "kuna AC ndogo hapa, bei ya kutupa. Unatia maji, unatia barafu, chumba kinakuwa baridi kama Bukavu. Ninunue?"

Nikamwambia asitoe hela. Aigeuze kwanza, aifungue mgongo.

Kile si AC, hata muuzaji aite hivyo mara mia. AC ina gesi na kompresa, hukusanya joto la chumbani na kulitupa nje. Hiki anachokiona ni feni yenye tangi. Kipampu kinapandisha maji na kulowesha pedi, feni inavuta hewa kupitia pedi ile mbichi, maji yanageuka mvuke, na mvuke hauondoki bila kubeba joto. Kazi ya mtungi, basi. Mtungi mzuri hutoka jasho, ndiyo maana maji yake ni baridi. Upake rangi ya mafuta uone kama utakunywa maji baridi. Wenyeji wetu hapa Malawi wana mtsuko wao, na haujawahi kuomba umeme.

Lakini jasho linataka hewa kavu, na hapo ndipo pesa ya mtu hupona au huzama. Ungekuwa Zanzibar mwezi wa tatu, ningekukataza kabisa: ni kuongeza unyevu juu ya unyevu. Huku kwetu ni nyanda za juu, Lilongwe iko zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Septemba hadi mvua zianguke hewa inakauka mpaka midomo inapasuka. Chukua hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 35. Maji yanaweza kuishusha hadi kama nyuzi 19, kama pedi ingekuwa kamilifu. Pedi nzuri ya kawaida itakufikisha 21 au 22, na huo si mchezo. Njoo Januari, nyuzi 26 na unyevu asilimia 85: mtambo ule ule, umeme ule ule, hupati hata nyuzi 3. Kwa hiyo unanunua kitu cha miezi mitatu. Kipimie bei yake hivyo.

Kijana akafungua mgongo. "Kuna kisponji," akasema. Kinene kiasi gani? "Kama cha kuoshea vyombo." Nikajua hakifai. Pedi inayofanya kazi ni ile ya karatasi ngumu iliyotobolewatobolewa kama sega la nyuki, unene wa vidole vinne hivi, ukiilowesha inanuka kama katoni iliyonyeshewa. Na vile viboksi vya mezani vinavyochomekwa kwenye chaja ya simu, voti 5, ampea 2, hesabu yake ni wati 10 basi. Kinapoza pua. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa nacho mwaka juzi, na pua yangu ilifurahi sana.

Barafu nayo! Hii inauza mitambo mingi kuliko feni yenyewe. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza joto la kilojuli 334. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke inameza kama 2,400, mara saba. Tena maji yakiwa ya baridi sana hugeuka mvuke polepole. Chupa iliyogandishwa inywe tu, ndugu yangu, itakufaa zaidi tumboni.

Sasa dirisha. Kwetu dirisha ni moja, dogo, na usiku tunalifunga kwa usalama. Tangu 2023, serikali iliporudisha kambini watu waliokuwa wakiishi mijini, vyumba vimebanana zaidi, na milango hufungwa mapema. Chumba cha mita 3 kwa 3, dari mita 2 na nusu, kina hewa mita za ujazo 22 na nusu. Hewa ya nyuzi 30 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 30 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Kwa kuwa tayari ina wake, maji yasiyofika hata nusu lita yanatosha kukijaza chumba kizima. Baada ya hapo unalala ndani ya sufuria ya ugali. Mtambo huu uwekwe dirishani, uvute hewa ya nje, na mlango uachwe wazi kidogo hewa ipate pa kutokea. Kama huwezi kufungua, usinunue.

Na ukiweza kufungua, mimi ningejaribu feni ya kawaida kwanza. Nje, mwezi wa Oktoba, joto la alfajiri hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 20. Joto linalotutesa saa tatu usiku ni lile ambalo mabati na matofali yamelinywa mchana kutwa. Feni ya voti 12 ya wati 12, kwa usiku wenye urefu wa saa nane, inakula kama wati-saa 96. Betri ya sola inaiweza. Feni ya maji ya wati 65 inakula 520, na betri ya ampea-saa 50 ikiwa imejaa ina 600 tu, wala hutakiwi kuikausha. Umeme wa ESCOM, shirika la umeme hapa Malawi, nao una ratiba yake ya kukatika. Chandarua usikiondoe, hata kama kinapunguza upepo. Na tangi limwagwe kila asubuhi, maji yaliyolala ni kitalu cha mbu.

Kijana hakununua. Alirudi jioni na swali: atajuaje hewa ya kwake ni kavu ya kutosha? Nikamwambia aloweshe kitenge, akikamue, akitundike dirishani, aangalie saa. Alikitundika saa kumi na mbili na nusu. Kabla ya saa mbili akanigongea ukuta: kimekauka, yaya, hata pindo.

Basi kwako itafanya kazi, nikamjibu. Tafuta yenye pedi nene. Itakunywa lita tano, sita kwa usiku, robo ya dumu la lita 20 au zaidi kidogo, na kila dumu ni foleni kwenye mjigo, pampu yetu ya kisima.

Akanyamaza kidogo upande wa pili. Halafu nikamsikia akimuuliza mkewe kesho zamu ya mjigo ni ya nani.