Baridi ya Kipupwe na Kuku Wetu wa Nyumbani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, Mwanza)



Kila mwaka, kati ya Juni na Agosti, upepo mkavu unapovuma na usiku kuwa wa baridi, husikika neno moja Magu, Misungwi hata Ukerewe: "Baridi imemaliza kuku." Leo naomba kulipinga neno hilo, kwa kuwa linatupotezea mali.

Kuku mkubwa ana joto la mwili lipatalo nyuzi 41, tena amevaa manyoya. Usiku wa Mwanza haumwui. Anayeua ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kuku huzubaa, huhara kijani, hupinda shingo. Baada ya siku chache banda huwa tupu. Ugonjwa huu hupenda kuzuka wakati wa kiangazi, basi baridi hushitakiwa na mkosaji huenda zake.

Kinga ipo. Chanjo ya I-2, itengenezwayo hapa nchini, huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, ingawa haifai kuachwa juani. Ni tone moja katika jicho moja, kifaranga na jogoo sawasawa, kila baada ya miezi 3. Haimtibu aliyekwisha kuugua, na mwili huhitaji kama majuma mawili kujijenga. Kwa hiyo tuchanje Mei. Chupa moja huzidi mahitaji ya kaya moja, na ikishafunguliwa haiwekwi. Hii ni kazi ya ushirika hasa: kitongoji kizima, siku moja.

Kifaranga, hata hivyo, baridi humwua kweli. Juma la kwanza ataka nyuzi 32 hadi 35, na mama yake humpa bure. Wako wanaoziba banda lote kwa magunia na kuingiza jiko la mkaa. La hasha! Hewa ya mkaa huua kimya kimya, kuku na watu pia. Zibeni upande wa upepo tu, juu pawe wazi, mtandaze pumba kavu za mpunga, ambazo kwetu hutupwa mashineni.

Tena kuna mnada. Mama akiona kuku amezubaa, humwuza upesi apate fedha za daftari. Namwelewa, lakini amesafirisha mdondo. Mnunuzi naye amtenge kuku mgeni majuma mawili.

Makatibu wa vyama waandikishe idadi ya kuku wa wanachama kabla ya mwisho wa Aprili, chupa ziagizwe kwa hesabu.