Goli la Mama Lafika Kijiweni

Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alianza kutoa shilingi milioni 5 kwa kila goli la Simba na Yanga katika michuano ya Afrika. Mitaani wakaiita Goli la Mama. Yanga ilipotinga fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya USM Alger, dau lilikuwa limeshapandishwa.

Kwenye vijiwe vya kahawa maoni yaligawanyika, na si kwa chama, kwa jezi. Wa Yanga alimsifu rais kwa kujali vijana. Wa Simba, timu yake ikiwa imeshatolewa na Wydad, ndiye aliyekumbuka ghafla kwamba zahanati haina dawa. Timu yake ingekuwa fainali, sijui kama zahanati ingetajwa.

Mimi sioni ubaya kiongozi kupenda mpira. Kinachonishangaza ni sisi. Kocha akifungwa mechi mbili tunataka afungashe virago, na kikosi tunakipanga wenyewe, namba moja mpaka kumi na moja. Diwani aliyeahidi mtaro tangu kampeni, masika yakija tunaruka madimbwi tu, wala jina lake halitajwi.